Uzi maalumu: Vichezeo na pipi wanavyonyimwa watoto. Kipi kina sababu ya kweli, kipi ni hofu tu?

#1 Mkagua Vichezeo

Habari zenu wadau. Kila kizazi kina vitu vyake ambavyo watoto walivililia wakanyimwa: puto, manati, bigijii, yai la chokoleti lenye kichezeo ndani, trampolini, kisu kidogo cha kuchongea. Jibu la mzazi huwa fupi, "utaumia" au "utaoza meno", na mjadala unafungwa hapo. Najua humu wamo mafundi, wauguzi, walimu wa awali na watu wa meno, kwa hiyo tuvichambue kimoja kimoja. Msimamo wangu ni kwamba katazo lenye msingi lina kipimo unachoweza kumwonyesha mtu: upana, volti, umri, dakika. Lisilo na kipimo mara nyingi ni hofu ya mzazi, na kitu chenyewe kinaweza kuruhusiwa kwa masharti.

Naanza na ukubwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, maabara za vichezeo hutumia silinda ndogo yenye upana wa ndani wa milimita 31.7. Kitako chake kimekatwa mshazari, hivyo kina chake ni milimita 25.4 upande mmoja na 57.1 upande wa pili. Kitu kikizama chote humo bila kubonyezwa, huyo hapewi. Mipira ina kipimo chake peke yake: ya watoto wa umri huo isipungue milimita 44.4, kwa sababu mpira wa duara huziba koo pande zote na hauachi hata upenyo wa hewa.

Nyumbani tumia ile silinda ya kadibodi inayobaki karatasi ya chooni ikiisha. Ni pana kidogo kuliko ya maabara, kwa hiyo ukikosea utakosea upande wa usalama. Jaribu kitu kwa kila upande wake, maana kipande kirefu chembamba hupita kikisimama. Kisha jaribu kung'oa: macho ya mdoli, vifungo, magurudumu, mikia. Maabara hushika kila kinachojitokeza na kukivuta kwa nguvu ya kama kilo 9 kwa sekunde 10. Wewe shika kwa vidole viwili, zungusha, halafu vuta kweli kweli. Jicho likilegea leo, wiki ijayo liko mdomoni.

Jambo moja linaeleweka vibaya sana. Ile alama ya duara jekundu lenye uso wa mtoto na maandishi 0-3, iliyokatwa na mstari, haizungumzii akili. Mtu husema "wangu ni mwerevu, atakimudu" na kununua. Alama inazungumzia upana wa koo na tabia ya kutia kila kitu mdomoni, na werevu haupanui koo.

Karibuni.

#2 Mama Pacha

Asante kwa uzi, mkuu. Naomba tuanze na vichezeo vinavyoimba na kuwaka taa. Wengine wanasema betri zake ni hatari, wengine wanasema mtoto akimeza atainya tu kama sarafu. Ukweli ni upi?

#3 Fundi Bisibisi

Dada, hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloua kimya kimya.

Betri kubwa za silinda si tatizo kuu. Tatizo ni zile bapa za kifungo, hasa za lithiamu zenye upana wa milimita 20. Ukisoma CR2032, tarakimu 20 ni upana kwa milimita, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Zina volti 3. Upana huo ndio unaokwama kwenye umio wa mtoto mdogo, na ikishakwama hapo si suala la kusubiri choo tena.

Watu wengi wanadhani betri inapasuka na kuvuja sumu. Haihitaji kuvuja. Utando wenye mate unagusa pande zote mbili za betri na kukamilisha saketi, umeme unapita, na kwenye upande hasi maji yanavunjwa na kuacha alkali kali. Alkali hiyo inayeyusha nyama. Jeraha kubwa linaweza kutokea ndani ya saa 2 tu. Anayetaka kuona kwa macho, aweke betri mpya juu ya kipande cha nyama mbichi yenye unyevu, afunike kwa kipande kingine na kuondoka. Muda mfupi baadaye povu litaanza kutoka pembeni, na akifunua baada ya saa 2 atakuta duara jeusi lililolika kuingia ndani. Asiile nyama hiyo.

Betri "iliyokufa" nayo ni hatari. Kichezeo kinaacha kuwaka betri ikiwa bado na zaidi ya volti 2, wakati kuvunja maji kunahitaji kama volti 1.2 tu. Kwa hiyo betri uliyoitoa kwenye rimoti na kuiacha mezani bado inaunguza.

Ukikagua kichezeo tafuta kifuniko cha betri. Kinachofaa kina skrubu inayohitaji bisibisi, tena skrubu isiyodondoka ukiilegeza, au kufuli linalotaka vitendo viwili kwa wakati mmoja, kubonyeza na kusukuma. Kifuniko cha kubandua kwa kucha ukikatae bila mjadala. Baada ya kubadilisha betri kaza skrubu tena. Ajali nyingi zinaanzia kwenye kifuniko kilichorudishwa bila skrubu.

Halafu msiangalie vichezeo peke yake. Betri hizi zimo kwenye kadi za pongezi zinazoimba, mishumaa ya taa, mizani ya jikoni, vipimajoto, rimoti ndogo na viatu vinavyomulika.

#4 Muuguzi wa Zamu

Naongezea kwa Fundi upande wa huduma, maana hapo dakika zinahesabika.

Mtoto aliyemeza betri anaweza asionyeshe chochote, au akatokwa udenda, akakataa kula, akakohoa kama mwenye mafua. Ukishuku tu, nenda hospitali yenye eksirei, usisubiri dalili. Usimtapishe. Kama amevuka miezi 12, umri wa kumeza vizuri, na betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita, mpe asali vijiko viwili vya chai (mililita 10) kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6, huku safari inaendelea. Asali inapaka ukuta wa umio na kupunguza ukali wa alkali. Haitibu, na isikucheleweshe hata dakika moja kutoka nyumbani. Chini ya miezi 12 asali hapana kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa kupooza misuli.

Kwenye eksirei betri huonekana kama sarafu, lakini ukingo wake una duara mbili, moja ndani ya nyingine. Mwambieni daktari neno "betri" mapema, na kama mna pakiti yake nendeni nayo. Hata ikishatolewa, jeraha linaweza kuendelea kula kwa siku au wiki, hivyo msiruke tarehe za kurudi.

#5 Mkagua Vichezeo

Shukrani sana, Muuguzi. Betri imeshapata hukumu yake. Kwenye kapu hilohilo naweka sumaku ndogo zenye nguvu na vishanga vya maji.

Sumaku ninazosema ni zile punje za duara za milimita 3 hadi 5, za neodimiamu, zinazouzwa mamia pamoja za kuunda maumbo. Si zile nyeusi za kubandika kwenye friji. Punje moja ikimezwa mara nyingi hupita. Zikiwa mbili, au moja na kipande cha chuma, zinavutana zikiwa kwenye mikunjo tofauti ya utumbo. Ukuta wa utumbo uliobanwa katikati unakosa damu, unakufa na kutoboka. Dalili zake ni kutapika na tumbo kuuma, kama homa ya kawaida ya tumbo, kwa hiyo watu huchelewa. Msidhani ni suala la wachanga: vijana wakubwa huzimeza wakizibandika ulimini au puani kuigiza hereni. Marekani walibishana juu yake miaka kadhaa. Kanuni ya 2014 ilitenguliwa mahakamani mwaka 2016, ikaja nyingine 2022. Kipimo chao kinaitwa fahirisi ya sumaku: sumaku inayoweza kumezwa lazima iwe chini ya 50. Nyumbani huwezi kukipima, kwa hiyo nasema wazi: nyumba yenye mtoto isiwe nazo.

Vishanga vya maji ni vile vinavyoanza vidogo kama mbegu na kuvimba ukivitumbukiza majini. Kikimezwa kikiwa kidogo kinavimbia ndani na kuziba utumbo. Eksirei ya kawaida haikioni, ndiyo maana daktari lazima aambiwe. Kikiingia sikioni usitie matone ya aina yoyote, maana unyevu ndio unaokivimbisha. Na kikipotea chini ya kabati kinakauka na kurudi udogo wake, kikingoja anayetambaa.

#6 Shabiki wa Sherehe

Sasa puto jamani! Sherehe bila maputo ni sherehe gani? Hapo si mnazidisha?

#7 Muuguzi wa Zamu

Maputo yawepo, ndugu yangu. Yawe juu, yawe na mtu mzima. Hatari iko kwenye puto ambalo halijapulizwa na kwenye vipande vya lililopasuka. Mpira ule mwembamba ukivutwa na pumzi unajilaza juu ya njia ya hewa kama kifuniko. Ukitia kidole unausukuma ndani zaidi, na hata ukimpiga mgongoni unaweza kubaki palepale. Ndiyo maana onyo la kwenye pakiti linataja miaka 8, si 3.

Utaratibu ni huu: mtu mzima ndiye anayepuliza, kwa pampu. Mtoto asifundishwe kupuliza kwa mdomo, kwa sababu anavuta pumzi kabla ya kupuliza na puto liko midomoni. Likipasuka, okota vipande vyote papo hapo. Sherehe ikiisha, yatoboe na kuyatupa usiku huohuo.

#8 Mlezi wa Awali

Tugeukie vya kula, maana ndipo wazazi wanapokataa visivyo na kuruhusu vya hatari. Unakuta mama anakataza kipande cha chokoleti, ambacho kinayeyuka mdomoni, halafu anampa wa miaka 2 karanga nzima.

Chini ya miaka 4 msiwape karanga nzima, bisi, pipi ngumu za duara, wala vitafunwa laini vinavyonata kama povu la sukari (marshmallow). Magego ya kusagia hayajakamilika na mtoto bado hajajua kutuliza chakula mdomoni akicheka au akikimbia. Karanga ikisagwa hadi kuwa siagi ipakeni nyembamba, maana donge zima la kijiko nalo linaziba.

Vingine havihitaji katazo, vinahitaji kisu tu. Zabibu ikateni kwa urefu, mara nne. Kuikata kwa upana kunaacha kifuniko cha duara chenye ukubwa uleule wa koo. Soseji nayo msiikate vidonge kama sarafu. Ipasueni kwa urefu kwanza, kisha vipande vifupi.

Kuna kitamu kimoja naunga mkono kikataliwe moja kwa moja, nacho ni jeli za vikombe vidogo zenye unga wa konjaki (aina ya kiazi cha Asia), zile za kuminya na kufyonza kwa mkupuo. Hazitafunwi, haziyeyuki mdomoni, na zile pumzi za kufyonza zinazitupa kooni kwa kasi. Umoja wa Ulaya umezipiga marufuku, na Marekani inazizuia kuingia tangu miaka ya mwanzo ya 2000.

Sheria ya mezani: mtoto aketi wakati anakula, hata kama ni pipi moja. Pipi ya kijiti ya kutembea nayo ni mbaya mara mbili, kwa koo na kwa kijiti akianguka.

#9 Mama Pacha

Na akikwama kweli?

#10 Muuguzi wa Zamu

Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, usimguse. Kama kikohozi hakitoi sauti au anabadilika rangi, mwinamishe mbele na umpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega, hadi mara 5. Baada ya kila pigo tazama kama kimetoka. Kikigoma, aliyevuka mwaka mmoja simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, kamata kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu hadi mara 5. Wa chini ya mwaka usimbane tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, bonyeza kifua katikati mara 5. Rudia kwa zamu na mwite mtu wa kupiga simu ya dharura. Usitie kidole mdomoni kama hukioni kitu. Akipoteza fahamu, anza kubonyeza kifua na kumpa pumzi.

#11 Tabibu wa Meno

Wadau, nimesoma kote nikingoja zamu ya pipi. Wazazi wengi wanakataza kiasi wakati jino linajali muda.

Ukila kitu chenye sukari, bakteria wa kwenye utando wa jino wanaitengeneza kuwa asidi ndani ya dakika chache. Asidi ikishusha kipimo cha pH chini ya takriban 5.5, ganda la jino linaanza kupoteza madini. Mate huchukua kama nusu saa, wakati mwingine zaidi, kurudisha hali. Sasa hesabuni. Pipi tano zikiliwa kwa mkupuo baada ya chakula ni shambulio moja la nusu saa. Pipi hizohizo tano zikiliwa moja kila saa ni mashambulio matano, na jino linarudishwa kwenye asidi kila saa. Mtoto wa pili amekula sukari ileile na ataoza zaidi.

Ushahidi wa mwanzo wa jambo hili una historia chungu. Uswidi, katika taasisi ya Vipeholm mjini Lund, miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa 1950, watu wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi za kunata, nyingi na mara nyingi, ili waonekane wanavyooza meno. Hawakuwa na namna ya kukubali wala kukataa. Matokeo yalichapishwa 1954, yakionyesha kwamba sukari inayonata na inayoliwa kati ya milo ndiyo mbaya zaidi, na ushauri wa Uswidi wa kuwapa watoto pipi Jumamosi tu ulitokana na kazi hiyo. Ushauri huo unafanya kazi. Walioulipia kwa meno yao wanastahili kutajwa kila unaporudiwa.

Kwa mtoto wenu: pipi iwe pamoja na mlo au mwishoni mwake, mate yakiwa mengi. Chokoleti inayoyeyuka ni afadhali kuliko tofi ya kunata au pipi ya kijiti ya kufyonza dakika 20. Zile pipi kali zenye unga mweupe wa uchachu ziko daraja lao, kwa kuwa unga ule ni asidi yenyewe na hauwahitaji bakteria. Baada yake asipige mswaki papo hapo, maana ganda limelainika na mswaki unalikwangua. Asukutue kwa maji, asubiri kama saa moja.

Dawa ya meno iwe na floridi angalau 1,000 ppm (sehemu kwa milioni). Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere.

#12 Baba Mkali

Daktari, mimi sukari naikataa kwa sababu nyingine kabisa: inawapandisha wazimu. Wakila pipi hawakaliki.

#13 Tabibu wa Meno

Kaka, hilo limepimwa sana. Uchambuzi uliochapishwa 1995 ulikusanya majaribio ambayo mtoto, mzazi na mpimaji wote hawakujua nani amepewa sukari na nani kiungo kisicho na sukari. Tabia haikutofautiana. Pipi huliwa kwenye sherehe, wenzao wakiwa wengi na muda wa kulala umepita, na hayo yanatosha kuchangamsha mtoto.

Rangi ni habari nyingine. Mwaka 2007 utafiti wa Southampton, Uingereza, uliona mabadiliko madogo ya utulivu kwa baadhi ya watoto waliopewa mchanganyiko wa rangi za viwandani pamoja na kihifadhi. Tangu 2010 Umoja wa Ulaya unadai onyo kwenye vyakula vyenye rangi sita: E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Soma pakiti, ukizikuta chagua nyingine. Sukari endelea kuibana kwa ajili ya meno na uzito: Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na soda moja ya mililita 330 ina takriban gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai.

#14 Muuguzi wa Zamu

Hapo kwenye vinywaji nina mawili. Vya kuongeza nguvu kwa kawaida vina miligramu 80 za kafeini kwa mililita 250. Kiwango kinachotumika Ulaya kwa watoto ni miligramu 3 kwa kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 mwisho wake ni 60. Kopo moja limeshampita.

La pili halijulikani sana. Vile vinywaji vya rangi vya barafu laini inayozungushwa kwenye mashine, vikiwa havina sukari nyingi, huwekewa gliseroli ili visigande kuwa jiwe. Mtoto mdogo akinywa nyingi kwa haraka sukari ya damu inaweza kushuka: anasinzia, anatapika, anaweza hata kupoteza fahamu. Mwaka 2025 mamlaka ya chakula ya Uingereza ilishauri wa chini ya miaka 7 wasipewe, na wa miaka 7 hadi 10 wasizidishe mililita 350. Maandishi ya "bila sukari" hapo yanampotosha mzazi mwangalifu kabisa.

#15 Kijana wa Zamani

Na yai la chokoleti lenye kichezeo ndani? Na zile sigara za pipi?

#16 Mkagua Vichezeo

Yai hilo, Kinder Surprise, haliuzwi Marekani kwa sababu ya sheria ya chakula ya 1938, inayokataza kuficha kitu kisicholiwa ndani ya pipi. Baadaye kampuni iliwapelekea aina nyingine yenye nusu mbili zilizofungwa mbalimbali. Kwa aliyevuka miaka 3 mimi sioni kosa, ila mtu mzima alifungue yai na kutoa kile kichezeo kwanza.

Sigara za pipi nazikataa kwa moyo wote. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ibara ya 16, unataka nchi zizuie pipi na vichezeo vyenye umbo la bidhaa za tumbaku vinavyovutia watoto. Kilicho ndani ni sukari tu, lakini mkono na mdomo vinajifunza.

#17 Fundi Bisibisi

Naomba sasa tutetee vilivyokataliwa bure. Cha kwanza bigijii. Kumeza moja hakugandishi utumbo, inatoka na choo siku chache zijazo. Kwa mtoto wa miaka 5 na kuendelea, isiyo na sukari, sioni sababu ya kuikataa, mradi asitafune akikimbia wala akilala.

Cha pili kisu cha kuchongea. Mtoto wa miaka 7 au 8 anayeweza kukata karatasi kwa kufuata mstari anaweza kuanza. Kisu kiwe na ubapa wa sentimita 5 au 6, usiokunjika au wenye kufuli, ncha ya mviringo. Kiwe kikali: kisu butu kinalazimisha nguvu, kikiteleza kinakwenda na nguvu hiyo yote. Mtoto aketi, viwiko juu ya magoti, mti ukiwa mbele ya magoti. Usiwe juu ya mapaja, kwa kuwa ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu. Anyooshe mkono azunguke. Akimgusa mtu, huyo asogee. Aanze na kipande cha sabuni ya mche siku kadhaa, kisha mti laini mbichi, akichonga kwenda mbele mbali na mwili, nyuzi nyembamba nyembamba. Akitaka kusimama, kisu kinaingia alani kwanza. Mzazi aketi karibu bila simu mkononi. Mtoto aliyefundishwa hivi ana adabu ya makali kuliko aliyefichwa visu hadi siku akajikuta peke yake jikoni.

#18 Kocha wa Viungo

Trampolini iko katikati, si ya kukataa wala ya kuachia. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaonya kuwa majeraha karibu robo tatu hutokea wakiruka wengi kwa pamoja. Mzito akitua, kitambaa kinamrudisha mwepesi juu akiwa bado anashuka, na mfupa wa muundi unapokea mapigo yote. Kwa hiyo mmoja kwa zamu, asiwe chini ya miaka 6, bila kubinuka kichwa chini. Springi zifunikwe zote, wavu usiwe na tundu, uwanja uwe tambarare na mita 2 wazi kila upande. Kagua springi kila mwezi: iliyovutika ikabaki na nafasi kati ya pete zake badilisha. Wavu ukisaidia, hausimami badala ya mtu mzima.

Bunduki za upepo za risasi za milimita 4.5 mimi nazikataa kwa mtoto. Jicho halina jaribio la pili.

#19 Baba Mkali

Nimewaelewa. Shida yangu nikikataa kitu, ndipo anakitaka zaidi.

#20 Mlezi wa Awali

Hilo nalo limepimwa, kaka. Mwaka 1963 Elliot Aronson na J. Merrill Carlsmith waliwakataza watoto kichezeo walichokipenda, baadhi kwa onyo dogo na wengine kwa tishio kali, kisha wakawaacha nacho peke yao. Hakuna aliyekigusa. Lakini baadaye waliotishwa sana bado walikitamani kama mwanzo au zaidi, wakati baadhi ya walioonywa kidogo walikuwa wamekishusha thamani wenyewe. Tishio kubwa lilikuwa sababu tosha ya kutogusa. Onyo dogo liliwaacha watafute sababu yao.

Kwenye chakula, Jennifer Fisher na Leann Birch waliandika 1999 kwamba watoto waliozuiliwa kitafunwa walichokuwa wakikiona mbele yao walikizungumzia na kukiomba zaidi kuliko kile kilichokuwa huru.

Kwa hiyo kitu ulichokataa kisikae kabatini kikionekana. Sababu iwe sentensi moja, kwa sauti ya kawaida: "hiki kina betri inayounguza ndani." Usiongeze kipigo wala hadithi ya mtoto aliyekufa. Pipi usiifanye zawadi ya kumaliza mboga, unamfundisha kuwa mboga ni adhabu. Siku ya pipi iweke kwenye sahani pamoja na chakula, kiasi ulichoamua, na umwache aanze na anachotaka. Siku za mwanzo ataanza na pipi. Vumilia.

#21 Mama Pacha

La mwisho kwangu: kadi ya kuimba imeshaletwa na shangazi, mtoto keshaiona na kuipenda. Nifanyeje bila kumvunjia shangazi heshima?

#22 Fundi Bisibisi

Mshukuru shangazi, mwache mtoto aisikilize akiwa nawe, na akilala ifanyie kazi. Kwa ndani kuna karatasi iliyogandishwa juu ya spika bapa. Ibandue taratibu kwa kuanzia kwenye mkunjo, utaona kibao kidogo chenye betri moja hadi tatu zilizoshikwa na ulimi wa bati. Zisukume kutoka pembeni kwa kijiti cha mbao. Zihesabu, kama kuna tundu lisilo na betri itafute kabla hujalala. Mara moja zungushia kila betri mkanda wa gundi pande zote mbili, ili zisigusane wala zisimvutie mtoto kwa kung'aa. Zifungie kwenye chombo kilicho juu, uzipeleke panapokusanywa betri chakavu. Usizichome. Kadi irudishe ukutani ikiwa kimya. Mwezi ujao shangazi akiuliza zawadi nyingine, mtajie kalamu za rangi nene.